Mbwa Mwenye Jina la Ukoo Wangu

Mimi nilitaka geti. Hilo naomba lieleweke kabla hatujafika mbali, maana mtaani kwetu sasa naitwa mfugaji, na watoto wakiniona natoka dukani wananibwekea. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia nataka geti la kawaida, lisilo na maua wala simba wa chuma, la kuwazuia tu wale vijana wanaopita alfajiri kukusanya ndoo za watu. Akaja akapima, akaandika, akanionyesha karatasi ya bei. Jioni hiyo nilirudi nyumbani na mbwa.

Alikuwa mdogo wa kulala ndani ya sufuria ya wali wa watu sita. Mama watoto aliponiona naye hakusema kitu, jambo ambalo waliooa wanajua ni baya kuliko kusema. Siku ya tatu akampa jina. Siku zile alikuwa na mgogoro na jirani wa ukuta wa pili kuhusu maji ya karo, nani anayamwaga na yanaelekea wapi, na maneno yalikuwa yameshavuka ukuta kutoka pande zote mbili. Basi mbwa akaitwa Mtasema Mchoke.

Mgeni atadhani ni utani. Lakini huku kwetu mbwa hajawahi kuwa mbwa tu. Ni barua ya wazi. Kanga yenye maneno utaivaa leo, kesho ipo kwenye maji ya sabuni. Mbwa unamwita asubuhi na jioni, kwa sauti, umesimama mlangoni umeshika kiuno, na hakuna wa kukushitaki, kwa sababu unamwita mnyama wako aje ale. Nimewahi kupanga mtaa uliokuwa na Hamnijui, Wivu wa Nini, na Dunia Hadaa ambaye alikuwa na miguu mitatu. Jirani yetu, ambaye Kiswahili anakielewa vizuri, alinunua jogoo akamwita Hatuchoki. Tukaishi hivyo, jioni zetu zikawa na mjadala.

Mwaka jana likapita gari la matangazo, lile lenye spika mbili, moja inatangaza na nyingine inakoroma. Wafugaji wote wa mbwa mnaitwa kikaoni. Tukakusanyika chini ya mwembe wa ofisi ya serikali ya mtaa, mtendaji akasimama akasoma. Sheria ndogo ya halmashauri yetu (sitaitaja jina, bado naishi humo) inataka kila mbwa aliyetimiza miezi 3 achanjwe, aandikishwe, alipiwe ada kila mwaka, avae shingoni kibati chenye namba, na asitembee barabarani peke yake. Mbwa atakayekutwa bila kibati atahesabiwa mzururaji na hatua zitachukuliwa. Hilo neno "hatua" alilitamka akiangalia juu kwenye maembe, nasi tukaangalia chini.

Sina ugomvi na mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Halmashauri za miji wamepewa na Sheria Na. 8 ya mwaka 1982, na wanaitumia vizuri tu. Ugomvi wangu ni wa hesabu. Asubuhi ya kikao mtaa wetu ulikuwa na mbwa wasiopungua hamsini. Nawajua kwa sauti, kwa sababu wakianza saa nane usiku wanaanza kwa zamu, kutoka bondeni kwenda juu, kama wanaitikia mahudhurio ya darasani. Mtendaji alipomaliza kusoma akauliza nani ana mbwa anyooshe mkono. Ikanyooka mikono minne.

Nikamtazama fundi makenika. Huyu ana mbwa mweusi, mkubwa, anaitwa Simba, na Simba amelala chini ya Noah mbovu ya fundi kwa miaka saba. Fundi anamnunulia vichwa vya kuku. Fundi ndiye aliyemkata mkia. Nikamwambia kwa upole, jirani, na Simba je? Akafikiri kidogo, kama mtu anayekumbuka sura ya zamani, akasema: "Nani, yule mweusi? Yule huwa anapita tu."

Wengine wakapata ujasiri. Mama ntilie akasema wale wawili wa kwake ni wateja. Mzee mmoja mstaafu, mtu wa kuheshimika kabisa, akasema mbwa aliye kwake aliachiwa na mpangaji na anasubiri aje amchukue. Mpangaji huyo alihama mwaka 2014. Kufikia siku ya mwisho ya kujiandikisha, hata wale watatu walionyoosha mkono pamoja nami walikuwa wamewapeleka mbwa wao kijijini kusalimia.

Kwa nini mimi nilibaki? Kwa sababu nina jina la mbwa ambalo haliwezi kukanwa. Mke wangu alikuwa amelitangaza mtaa mzima, mara mbili kwa siku, kwa muda wa miaka miwili.

Basi nikaenda kumtafutia mbwa karatasi.

Kituo cha kwanza kilikuwa barua ya utambulisho. Mwenyekiti wa mtaa ana barua moja, iliyochapwa zamani, inayofanya kazi zote: kufungua akaunti benki, kumdhamini mtu polisi, kuomba umeme. Unajaza jina, unagongewa mhuri. Kwa hiyo Mtasema Mchoke alitambulishwa kwa maandishi kuwa ni mkazi wa mtaa huu, anafahamika, ana tabia njema, na hajawahi kujihusisha na vitendo vya uhalifu. Mwenyekiti alitia saini mwenyewe, na kuku wake mmoja alikuwa ameliwa na mtajwa wiki mbili kabla. Nilimshukuru nikaondoka haraka asije akayaunganisha.

Kituo cha pili, picha mbili za pasipoti. Nikamuuliza dada wa dirishani, za kwangu au za mbwa? Akageuka akamuuliza mwenzake. Mwenzake akasema, "Alete zote." Nimeishi nchi hii muda wa kutosha kujua kwamba "alete zote" maana yake ni kwamba hakuna anayejua, lakini pia nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba usipozileta ndizo zitakazotakiwa.

Bajaji ya kwanza ilikataa. Ya pili ilisema mbwa ni abiria, analipa kichwa. Studio tulikuta bibi harusi na wapambe wake wakasogea ukutani wote kwa pamoja wakikusanya magauni. Mpiga picha, kijana mwenye kuipenda kazi yake, akashusha kitambaa cha bluu, akaniagiza nimshikilie mbwa kwa nyuma nikiwa nimejificha, halafu akaanza. Ainue kidevu. Asicheke. Masikio yote yaonekane. Nikamwambia masikio ni moja na nusu, nusu nyingine alimwachia Simba chini ya Noah. Akasema basi ainamishe kichwa kidogo kulia ili lionekane kama kivuli. Picha zilitoka nzuri kuliko ya kwangu iliyo kwenye kadi yangu ya taifa, isipokuwa chini ya kidevu cha mbwa kuna vidole vinne vya binadamu.

Kituo cha tatu, fomu. Leseni za biashara siku hizi zinaombwa kwenye mfumo wa Tausi, mtu anakaa nyumbani kwake anabonyeza. Mbwa wetu yeye yuko kwenye kaunta buku. Nikauliza naye ataingia mtandaoni lini, nikaambiwa mfumo wake unaandaliwa. Sijui watauita nani, maana ndege mzuri ameshachukuliwa. Kwa sasa fomu ilikuwa imeazimwa kutoka idara nyingine, na mahali palipoandikwa "mwombaji" pamekatwa kwa kalamu nyekundu pakaandikwa "mbwa".

"Jina kamili?"

"Mtasema Mchoke."

Dada akainua macho, akayarudisha. Ameshaona mengi huyu. "La tatu?"

"Hana la tatu, dada yangu. Ni mbwa."

"Mzee, fomu ina nafasi tatu. Nikiacha wazi bosi atairudisha."

Tukatazamana. Nyuma yangu palikuwa na watu kumi na mbili na joto la saa sita mchana. Akauliza mimi ni nani, nikamtajia, akaandika jina la ukoo wangu pale penye nafasi ya tatu kwa mwandiko mzuri wa shule ya zamani. Jina hilo marehemu baba aliliacha safi. Shangazi zangu bado hawajaambiwa.

Tukaendelea. Jinsia, sawa. Rangi, kahawia, soksi nyeupe mguu wa mbele. Kazi, mlinzi. Anwani ya makazi, kwangu. Alama ya kudumu, sikio. Hali ya ndoa. Hapo na yeye akasita. Nikamwambia sijui, analala nje. Akaandika "hajaoa".

Mambo ya malipo nitayapitisha haraka, kila mtu anayajua. Ile namba ya malipo, tunayoiita kontroo namba, ilitoka siku ya pili. Simu ikaikataa. Ikaikubali. Ikakata pesa mara mbili. Mhusika wa mhuri alikuwa semina. Nilichopata mwisho wa yote ni kibati cha duara, ukubwa wa kizibo cha soda, kimetobolewa tundu kwa msumari, chenye namba 0001. Kwanza nilifurahi nikadhani ni heshima. Nikaambiwa hapana, ndiyo cha kwanza kutoka, na mpaka naandika haya, kwa mtaa wetu, ndicho pekee.

Binamu yangu anaishi Berlin. Nilipomsimulia kwa simu akacheka kama mtu aliyepata ndugu. Kwao mbwa analipiwa kodi, euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza, na euro 180 kwa kila anayemfuata, naye anavaa alama yake shingoni kama huyu wangu. Binamu ana wawili. Mpigie hesabu mwenyewe, kwa kiwango chochote cha kubadilishia fedha, utakuta amelipa geti langu lile lenye maua. Nikamuuliza mbona hasemi hawa huwa wanapita tu. Akanyamaza kidogo, akasema hilo hakuwahi kulifikiria. Ndiyo hatari ya kukaa ughaibuni muda mrefu.

Waingereza wao waliwahi kuwa na leseni ya mbwa kwa zaidi ya karne, wakaifuta mwaka 1987. Ada ilikuwa imebaki peni 37, pesa isiyotosha kumlipa hata anayeiandikia risiti, na waliokuwa wanailipa walikuwa kama nusu tu ya wenye mbwa. Baadaye wakaja na njia nyingine. England, kuanzia tarehe 6 Aprili 2016, kila mbwa lazima awe na chipu chini ya ngozi, kitu kidogo kama punje ya mchele, chenye namba ya tarakimu 15. Haikuonyeshi mbwa yuko wapi, kama wengi wanavyodhani. Ni namba tu, inasomwa kwa mashine, halafu unatazama kwenye orodha mwenye mbwa ni nani. Jambo hilo lilinifikirisha. Mimi kitambulisho changu cha taifa kina tarakimu 20, mbwa wa England 15, Mtasema Mchoke nne. Kwa mpango huo kila mtu yuko mahali pake.

Lakini fikiria ile chipu mtaani kwetu. Mashine inampitia Simba mgongoni, inalia tii, linatokea jina la fundi makenika na namba yake ya simu. Fundi anatazama ile mashine. "Hiyo mashine," atasema, "huwa inakosea."

Ninyi mnaocheka, subirini kidogo, kwa sababu kuna sehemu moja ya sheria hii ambayo siilalamikii, na nataka niilalamikie sheria kwa ajili ya sehemu hiyo.

Utotoni, kijijini, niliwahi kuchungulia dirisha la zahanati nikamwona kijana aliyeumwa na mbwa miezi miwili nyuma. Walimletea maji kwenye kikombe. Sitaandika zaidi ya hapo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna daktari wala mganga atakayekirudisha, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka, karibu vyote Afrika na Asia, na katika kila wagonjwa 100, 99 wamepewa na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti yaliyotolewa mwaka 2002 yalitaja watu kama 1,500 kila mwaka. Na dawa yake inajulikana: ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Watu wa chanjo wamelionyesha hilo kwenye vijiji vinavyoizunguka Serengeti, wakitembea na maboksi yao ya barafu kijiji kwa kijiji.

Mtaani kwetu chanjo ilikuja tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, waliyoichagua kwa sababu ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule Mfaransa wa chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu. Walitangaza ni bure. Ndugu msomaji, ungekuwepo kwenye uwanja wa shule ya msingi asubuhi ile. Mbwa hamsini wote walikuja! Na kila mmoja alikuja na baba yake. Walikuja wamefungwa kamba za katani, vipande vya kanga, waya wa antena. Mmoja alikuja kwenye toroli. Mmoja alibebwa ndani ya mfuko wa saruji, kichwa tu kinaonekana, kama abiria wa dirishani. Yule mzee mstaafu alikuwepo na mbwa wa mpangaji. Fundi makenika alikuja amemshika Simba kwa mnyororo mpya kabisa, akamwambia dada wa mifugo, "Mchome taratibu, mwanangu huyu anaogopa sindano."

Dada huyo wa mifugo ndiye mtumishi pekee niliyekutana naye katika safari hii yote ambaye hakuniambia njoo kesho. Alichanja kuanzia saa mbili mpaka saa tisa, akiwa na kijana mmoja wa kuandika kadi. Alikwaruzwa, alikojolewa kiatu, akaitwa majina ya mbwa yote yale kwa sauti mbele ya watoto wa shule: Hamtuwezi! Majungu! Mkopo! Watoto wakiitikia na kupiga makofi. Zamu ya wa kwangu ilipofika nikaona kibati chake kinang'aa, nikakionyesha kwa majivuno. Akakigeuza, akasoma, akaniuliza, "Hiki kinasema amechanjwa lini?"

Hakisemi. Kinasema nimelipa. Na kadi ya chanjo, ambayo ndiyo inasema amechanjwa lini, iko kabatini kwangu, kwenye bahasha ya vyeti, na mbwa akiwa barabarani hatembei nayo. Nikamuuliza kama majina anayoandika yanakwenda kwenye ile kaunta buku ya leseni. Akasema hapana, daftari lake linakwenda idara ya mifugo, lile jingine ni la mapato. Madaftari mawili, jengo moja, ngazi moja, na hayajawahi kusalimiana. Moja lina mbwa hamsini wenye baba. La pili lina mbwa mmoja mwenye ukoo.

Sasa hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kwenye kampeni za vijijini mbwa akichanjwa huvishwa mkanda wa rangi palepale, ili kesho yake mtu akipita ajue kwa macho nani amepata na nani bado. Mkanda wenyewe hauna bei ya kutaja. Kama siku ile ya shule kila mbwa angetoka na kibati chake shingoni, bure, rangi ya mwaka huu nyekundu, ya mwakani kijani, tungekuwa tumemaliza kazi kabla ya saa kumi, na fundi makenika angekuwa ameshikwa na mnyororo mkononi. Badala yake wamekitenganisha kibati na sindano, wakakiweka bei, wakaweka na picha ya pasipoti. Mswahili ukimwambia mbwa wake anachomwa bure, ni mwanawe. Ukimwambia analipiwa, hamjui.

Hapa nifungue mabano kidogo kuhusu paka. Paka hakutajwa kikaoni hata mara moja. Hana ada, hana kibati, hana hali ya ndoa. Analala kwangu, anakula kwa jirani, anazalia kwa Bi mkubwa wa nyumba ya bluu, ambaye mbwa wangu akikatiza mbele yake anakusanya baibui na kunitazama mimi, si mbwa. Bi mkubwa ana udhu wake, namwelewa, na nimemfunga Mchoke kamba fupi kwa ajili yake. Ila paka wake ndiye aliyekula changu wangu wawili nikitawadha. England wamemshika hata paka. Tangu tarehe 10 Juni 2024 naye lazima awe na chipu. Nafunga mabano, lakini halmashauri wakitaka mapato wanajua pa kuanzia.

Turudi kwa Simba.

Jumatatu iliyopita alipita kijana wa ushuru na mashine yake ya risiti, akaingia karakana ya fundi makenika kuulizia malipo. Noah iko palepale. Akainama kuangalia chini yake sijui kwa nini. Labda alidhani fundi amejificha, na kwa haki kabisa, fundi huwa anajificha hapo. Alichokutana nacho chini ya Noah hakikuwa fundi.

Nilikuwa karibu. Nilimshika kijana mkono, nikamburuta mpaka kwenye bomba la kwangu, nikamwagia shavu la mguu maji na sabuni ya kufulia, nikatazama saa. Dakika 15, yule dada wa mifugo alituambia wote uwanjani, dakika 15 za maji na sabuni kabla ya jambo lolote, halafu hospitali moja kwa moja hata kama jeraha ni dogo, hata kama mbwa anasemekana amechanjwa. Dakika ya nne kijana akasema inatosha. Nikamwambia hapa kwangu hutoki. Dakika ya tisa mama watoto alileta kiti. Dakika ya kumi na moja kijana, kwa mazoea ya kazi, akaniuliza kama nimelipia kibanda changu cha mkaa.

Baada ya hapo akaenda hospitali, akachomwa ya kwanza, akapewa tarehe za kurudi. Jioni mtendaji akaja mtaani na daftari kuuliza mbwa ni wa nani.

Nadhani unajua fundi alisema nini.

Mama ntilie hajui. Mzee mstaafu macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Basi mtendaji akafungua ile kaunta buku ya leseni, akatafuta mtaa wetu, akakuta mstari mmoja. Akaja mlangoni kwangu na watu nyuma. "Mzee," akasema, kwa huzuni ya mtu anayeniheshimu, "kwa mujibu wa kumbukumbu zetu mtaa huu una mbwa mmoja."

Nikatoa bahasha. Nikatoa risiti, kadi ya chanjo, barua ya mwenyekiti yenye tabia njema. Nikatoa picha ya pasipoti. Nikasema tazama, mheshimiwa, wangu ni wa kahawia, sikio moja na nusu, huyo hapo amelala. Aliyeuma ni mweusi. Mtendaji akaishika picha karibu na macho, akaigeuza, akahesabu vidole. Akasema picha za pasipoti mara nyingi huwa hazifanani na mhusika.

Mwisho tukaafikiana, kwa sababu dada wa mifugo alipiga simu kueleza utaratibu. Mbwa aliyeuma asiuawe. Afungwe, atazamwe siku 10. Akifika siku ya 10 akiwa mzima, basi siku ile alipouma hakuwa na ugonjwa kwenye mate. Swali likawa afungwe wapi. Inatakiwa iwe kwa mtu anayefahamika na ofisi, mwenye kumbukumbu za ufugaji, aliyetimiza masharti yote ya sheria ndogo. Watu wote wakanigeukia.

Leo ni siku ya sita. Simba amefungwa kwenye mwarobaini nyuma ya nyumba, anakula, anakunywa maji vizuri, na ameanza kutingisha kile kipande cha mkia nikitokea. Mtendaji amenikumbusha kwamba siku 10 zikiisha na mbwa akiwa bado yuko kwangu, atahitaji kibati, namba 0002, na picha mbili. Jana jioni fundi makenika alipita uani kuazima ngazi. Akamwona, akasimama, akamtazama kwa muda. Akaniambia nimepata mbwa mzuri, nimemtoa wapi?